Lord Shaftesbury na Watu wa Nyumbani Mwake

Watu wengi wakisikia habari za mabwana wakubwa wa Uingereza hufikiri mara moja majumba ya mawe, farasi wa mbio, na watumishi waliojipanga mlangoni. Mambo hayo yalikuwapo, wala hatuyakani. Lakini wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Jioni hii twataka kuufungua mlango wa nyumba moja ya namna hiyo, tuingie, tuone yaliyokuwamo.

Bwana tunayemtaja aliitwa Anthony Ashley-Cooper. Alizaliwa London tarehe 28 Aprili mwaka wa 1801. Baba yake alikuwa wa ukoo uliopewa heshima ya Earl wa Shaftesbury tangu mwaka wa 1672, na mama yake alikuwa binti wa Duke wa Marlborough. Kabla hatujaendelea, yafaa tueleze kidogo desturi yao, maana bila kuijua habari hii haitaeleweka. Vyeo vya mabwana wa Uingereza ni vitano: Duke, Marquess, Earl, Viscount na Baron. Cheo cha Earl hushikwa na mtu mmoja tu katika ukoo, na akifa humwangukia mwanawe wa kwanza, pamoja na mashamba na jumba. Wakati baba yu hai, mwana huyo huitwa Lord kwa heshima tu, lakini kwa sheria ni raia kama wengine. Kwa hiyo aweza kuchaguliwa katika Baraza la Wajumbe, ambako wajumbe wa watu huketi. Baba akifa ndipo mwana aliingia Baraza la Mabwana. Bwana wetu aliitwa Lord Ashley miaka mingi, na Lord Shaftesbury tangu mwaka wa 1851. Ni mtu mmoja.

Basi, tuingie ndani. Baba alikuwa mkali na mwenye haraka ya hasira. Mama alipenda karamu na mazungumzo ya wakubwa. Watoto waliletwa mbele yao kwa saa zilizowekwa, kisha wakaondolewa. Anthony alipokuwa mzee alisema waziwazi kwamba katika utoto wake hakujua mapenzi ya wazazi, ila hofu. Chakula chenyewe wakati mwingine kilisahauliwa. Mtu mmoja tu alimpenda, naye hakuwa wa ukoo: ni mtumishi wa nyumba, jina lake Maria Millis. Mama huyo alimpakata, akamsimulia hadithi za Biblia, akamfundisha kusali. Mtoto alipofika umri wa miaka saba alipelekwa shule ya bweni huko Chiswick, mahali pa uchafu na mapigo, na muda si mrefu akapata habari kwamba Maria Millis amekufa. Alikuwa amemwachia urithi: saa yake ya dhahabu. Anthony aliichukua saa hiyo mfukoni mpaka siku zake za mwisho. Alikuwa na haki ya kuvaa saa yo yote aipendayo, akavaa ile. Na watu wakiuliza, alijibu kwamba alipewa na rafiki bora kuliko wote aliopata kuwa nao duniani.

Hata alipokuwa na umri wa miaka kumi na minne au kumi na mitano, naye yuko katika shule ya Harrow, siku moja alikuwa akipita njiani chini ya kilima, akasikia kelele na nyimbo za walevi. Akatazama, akaona watu wanne au watano wamechukua jeneza. Ni maiti ya maskini, hana ndugu wa kumfuata. Wachukuzi walikuwa wamelewa. Wakapepesuka, wakaliangusha jeneza chini, kisha wakaanza kutukana. Kijana akasimama pale, ameduwaa. Alisema baadaye kwamba hapo ndipo alipoazimia kuwatumikia wasio na mtu wa kuwasemea. Huko Harrow liko bamba ukutani linaloonyesha mahali penyewe.

Baada ya masomo ya Oxford, alipata kiti katika Baraza la Wajumbe mwaka wa 1826. Tusifiche jambo: kiti hicho cha Woodstock kilikuwa kama mali ya ukoo wa mama yake, na kukipata hakukumpa taabu yo yote. Lakini kazi ya kwanza aliyoishika haikuwa ya kumpa sifa mezani kwa wakubwa. Ilikuwa habari ya wendawazimu. Siku zile wagonjwa wa akili maskini waliwekwa katika nyumba za watu binafsi waliolipwa kwa kila kichwa. Anthony na wenzake walikwenda kuzikagua, wakaona watu wamefungwa minyororo juu ya majani makavu, uchi au karibu na uchi, tangu Jumamosi jioni mpaka Jumatatu asubuhi, ili walinzi wapate mapumziko yao. Jumatatu waliogeshwa kwa maji baridi uani, hata wakati wa baridi kali. Mwaka wa 1828 aliwekwa kuwa mmoja wa wakaguzi wa nyumba hizo, na tangu mwaka wa 1845 akawa mwenyekiti wa halmashauri ya nchi nzima mpaka alipokufa. Hesabuni wenyewe: zaidi ya miaka hamsini katika kazi ambayo haina shangwe.

Mwaka wa 1830 alioa. Mke wake, Lady Emily Cowper, aliyeitwa Minny na wapenzi wake, alitoka katika nyumba ya watu wa dunia, wachangamfu, wasiopenda sana mambo ya sala. Watu walisema ndoa hiyo haitadumu, maana bwana mwenyewe alikuwa mtu wa huzuni na dhamiri nyingi. Ilidumu miaka arobaini na miwili, nao walizaa watoto kumi, wanaume sita na wanawake wanne. Yule mtoto asiyepakatwa alikuwa baba wa kucheza na wanawe sakafuni. Na mama yake Minny, baada ya kufiwa na mumewe, aliolewa mwaka wa 1839 na Lord Palmerston, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu. Hivyo bwana wetu akapata mkwe mwenye nguvu. Mtaona kwamba mkwe huyo alikuwa na faida.

Sasa tufike kwenye viwanda. Katika miaka ile Uingereza ilikuwa imejaa mitambo ya kusokota nyuzi na kufuma nguo. Mitambo haichoki, na wenye mitambo waliona kwamba vidole vidogo hufaa kuunga nyuzi zinazokatika. Kwa hiyo watoto wa miaka sita au saba walisimama kazini tangu alfajiri mpaka usiku, saa kumi na mbili, kumi na nne, na zaidi. Aliyesinzia alipigwa mkanda. Wengi walipinda miguu kwa kusimama. Mjumbe aliyekuwa akiwasemea, Michael Sadler, alishindwa katika uchaguzi wa mwaka wa 1832, na mwanzo wa 1833 mchungaji mmoja, George Bull, alifika kwa Lord Ashley kumwomba ashike mahali pake. Ashley aliomba usiku mmoja wa kufikiri. Alijua gharama yake: wenye viwanda walikuwa matajiri, na mtu anayewapinga asitazamie cheo. Akamweleza mkewe, bibi kijana mwenye mtoto mchanga, akamwonyesha hasara zote. Mkewe akamwambia kwamba hilo ni wajibu wake, na yatakayofuata tuyaache mikononi mwa Mungu, aende mbele.

Mwaka huo huo sheria ilitolewa, lakini pungufu. Ilikataza watoto walio chini ya miaka tisa wasiingie viwanda vingi vya nguo, ikapunguza saa za walio chini ya kumi na mitatu, ikaweka wakaguzi wanne kwa nchi nzima. Ashley na wafanyakazi walitaka jambo moja: saa kumi kwa siku. Walilidai miaka kumi na minne. Yasimuliwa kwamba mwaka wa 1844 wajumbe wawili wa wafanyakazi walikwenda nyumbani kwa Lord Palmerston, naye hakuamini kwamba mtoto hutembea maili 20 na zaidi kwa siku akifuata mtambo. Basi wakavuta viti vikubwa vya sebuleni, wakavifanya kuwa mtambo, wakamwambia bwana avisukume mbele na kurudi nyuma kama mtoto afanyavyo. Palmerston, mtu mnene wa miaka sitini, alisukuma huku na huko mpaka akatweta, akasema ameelewa. Tangu siku hiyo aliisaidia sheria ile. Sisi twaona kwamba viti vile vilifanya kazi kuliko hotuba nyingi.

Katikati ya vita hivyo vya viwanda palitokea habari ya migodi ya makaa ya mawe. Mwaka wa 1838, huko Silkstone, mvua kubwa ya radi ilisababisha maji kuingia katika njia ya mgodi, yakawazamisha watoto 26: wavulana 15 na wasichana 11. Nchi ikashtuka kusikia kwamba kumbe watoto wako chini ya ardhi. Ashley akadai uchunguzi, na mwaka wa 1842 taarifa ikachapwa, tena pamoja na picha, ili hata mbunge mvivu wa kusoma asikose kuona. Picha zilionyesha wasichana wamefungwa mkanda kiunoni, mnyororo umepita katikati ya miguu yao, wanatambaa kwa mikono na magoti katika njia nyembamba, wakiburuta magari ya makaa. Watoto wadogo zaidi walikuwa wa milango. Hewa ya mgodi hutengenezwa kwa kufungua na kufunga milango, na kila mlango uliwekewa mtoto wa miaka mitano, sita au minane, akae peke yake gizani siku nzima, na kuvuta kamba gari likipita. Msichana mmoja wa miaka minane aliwaambia wachunguzi kwamba huogopa, kwa kuwa hana taa. Akipata mwanga huimba, lakini gizani hathubutu.

Tarehe 7 Juni 1842 Lord Ashley alisimama katika Baraza la Wajumbe, akasema kwa muda wa saa mbili hivi. Alisoma maneno ya watoto wenyewe. Watu wazima walilia, hata baadhi ya waliokuwa wakimpinga. Sheria ikapita katika baraza hilo. Katika Baraza la Mabwana mambo yalikuwa mengine, kwa maana baadhi ya mabwana walikuwa ndio wenye migodi, wakaikata sheria vipande. Hata hivyo iliyobaki ilitosha kuwatoa chini ya ardhi wanawake na wasichana wote, na wavulana wasiotimiza miaka kumi. Ashley alikuwa ameomba kumi na mitatu.

Hapo adui zake walipata neno la kumjibu, nalo lilikuwa la kweli. Walisema: nyani haoni kundule. Bwana huyu awakemea wenye viwanda wa kaskazini, na katika mashamba ya baba yake huko Dorset wakulima hulipwa ujira usiotosha mkate, na nyumba zao zavuja. Ashley angeweza kunyamaza. Badala yake, mwezi wa Novemba 1843, alisimama katika mkutano wa wenye mashamba huko Sturminster, akasema mbele yao kwamba aibu ya Dorset ni yao wote. Baba yake alighadhibika. Walikuwa wamegombana hata kabla ya siku hiyo, na sasa mlango wa nyumba ya kwao ukafungwa tena mbele yake. Mtu aliyekuwa mrithi wa jumba hakuweza kuwaonyesha watoto wake mahali atakapowaachia.

Kisha likaja jambo la nafaka. Wenye mashamba wa Dorset walimchagua ili ailinde sheria iliyozuia nafaka ya nchi za nje, maana iliwapandishia bei. Mwishoni mwa mwaka wa 1845, njaa ikiwa imeanza Ireland, Ashley aliona sheria hiyo haiwezi kuendelea. Lakini hakutaka kukaa katika kiti alichopewa kwa ahadi nyingine. Mwezi wa Januari 1846 alijiuzulu. Hivyo sheria ya saa kumi ilipopita mwaka wa 1847, kwa mkono wa John Fielden, yule aliyeitafuta miaka yote hakuwamo barazani. Wafanyakazi walijua ni ya nani.

Baba alikufa mwaka wa 1851, na Anthony akawa Earl wa saba. Jumba la St Giles huko Dorset likawa lake, pamoja na nyumba za wakulima, ambazo alipozikagua ziliujaza moyo wake fedheha, kama alivyoandika katika kitabu chake cha kila siku. Akaanza kuzibomoa na kujenga nyingine. Fedha hana. Urithi ulikuja na madeni. Akakopa juu ya madeni, akauza picha za ukoo na sehemu ya ardhi. Tena msimamizi wa mashamba yake alimlaghai miaka mingi, na kesi zilizofuata katika miaka ya 1860 zilikula fedha nyingi kuliko zilizorudi. Alipotolewa kupewa nishani ya Garter, iliyo kubwa kupita zote, aliikataa mwanzoni kwa kuwa hakuweza kulipa ada zake. Aliipokea mwaka wa 1862 tu, baada ya mkwe wake Palmerston kulipa. Twawaambieni haya kwa sababu watu hudhani cheo ni fedha.

Na ndani ya nyumba mauti hayakumsahau. Mwanawe wa pili, Francis, kijana aliyempenda mno, alikufa huko Harrow mwaka wa 1849 akiwa na miaka kumi na sita. Maurice, wa tatu, alikuwa na kifafa. Alikufa Lausanne mwaka wa 1855. Binti yake Mary alikufa mwaka wa 1861. Mwaka wa 1872 mkewe Minny alichoka kwa kumwuguza binti mwingine, Constance, akafa mwezi wa Oktoba. Na Constance akamfuata mwezi wa Desemba. Mwenyekiti wa halmashauri ya wendawazimu, aliyejua jinsi jamii inavyowaficha wagonjwa wake, alikuwa na mwana mwenye kifafa nyumbani. Mwana wa kwanza, Antony, mrithi wa cheo, alimtia wasiwasi tangu ujana kwa madeni na maisha yasiyotulia.

Pamoja na hayo kazi haikusimama. Tangu mwaka wa 1844 aliongoza chama cha shule za watoto wa matambara, yaani watoto wa mitaa ya London ambao hawakuwa na viatu wala nguo za kuingilia shule nyingine. Walifundishwa katika mabanda na mazizi ya farasi, na Earl alikwenda kwa miguu yake kuwatazama. Tena aliwapigania wavulana wa dohani. Nyumba za Uingereza siku zile zilikuwa na moto wa makaa, na moshi ulipanda katika dohani ndefu zenye kona. Mafundi walipandisha humo watoto wadogo wazikwangue masizi. Magoti na viwiko vikachubuka, wakavipaka maji ya chumvi mpaka ngozi iwe ngumu. Wengine walikwama wakafa. Bunge lilikuwa limekwisha kukataza jambo hilo mara kadha wa kadha, na kila mara wenye nyumba, na mahakimu pia, walifumba macho. Mwezi wa Februari 1875 mtoto mmoja, George Brewster, alikufa baada ya kukwama katika dohani ya hospitali huko Fulbourn. Shaftesbury, mzee wa miaka sabini na minne, alileta sheria nyingine mwaka huo huo, nayo iliwapa polisi kazi ya kuisimamia. Ndiyo iliyomaliza jambo.

Mwaka ule ule wachuuzi wa London, waliouza mboga na matunda kwa mikokoteni, walimpa zawadi ya punda. Alikuwa amejiandikisha katika chama chao, akanunua mkokoteni wenye nembo ya ukoo wake, akawa akiwaazima wasio nao. Punda alipandishwa jukwaani amepambwa kwa riboni, na mzee akamwekea mkono shingoni, akasema kwamba akifa angependa watu waseme amefanya kazi yake kwa uvumilivu bila kunung'unika, kama mnyama huyu. Kisha punda akashushwa, naye akawaambia waandishi wa magazeti waandike kwamba punda ameondoka katika kiti, na Lord Shaftesbury amekikalia.

Msidhani lakini kwamba alikuwa mtu wa kupendeza katika kila shauri. Hakutaka maskini wapewe kura. Aliyapinga mageuzi ya mwaka wa 1832 na ya 1867. Alitaka wasaidiwe na wakubwa wenye kumcha Mungu, si wajitawale. Shule za serikali zilipoanzishwa mwaka wa 1870 alisikitika, kwa hofu kwamba Biblia itatolewa. Wakristo wasiofuata njia yake aliwahukumu kwa ukali. Wale aliowapigania walikuja kupata kura baada ya muda, bila yeye.

Alikufa Folkestone tarehe 1 Oktoba 1885. Ibada ilifanywa Westminster Abbey tarehe 8, na njia zilijaa watu: wachuuzi, wafagiaji wa barabara, mabinti wa kuuza maua, watoto wa shule za matambara na bendera zao. Aliweza kuzikwa humo pamoja na wafalme, lakini alikuwa amesema azikwe katika kanisa la kijiji cha Wimborne St Giles, karibu na nyumba zile alizozijenga kwa mkopo.

Antony akawa Earl wa nane. Mwezi wa Aprili 1886 alijiua kwa bastola, naye yumo ndani ya gari la farasi katika mji wa London. Cheo kikamwangukia mwanawe, kijana wa miaka kumi na sita, aliyeishi mpaka mwaka wa 1961. Katika karne ya ishirini jumba la St Giles liliachwa tupu, paa likaoza, na maji yakaingia sebuleni, mpaka Nicholas, Earl wa kumi na mbili, aliyerithi mwaka wa 2005 baada ya kaka yake kufa ghafula, alipoanza kulitengeneza akahamia humo pamoja na mkewe na watoto.